Namba Niliitoa Mimi, Aibu Kaibeba Mama Mkwe

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo, na kabla hujanikemea nakuomba unisikilize mpaka mwisho, maana nikikatizwa katikati sitapata tena ujasiri wa kuandika, na hapa nilipo nimejifungia kwenye stoo ya kliniki, nimemwambia daktari nahesabu glavu, kumbe naandika barua kwako huku mlango nimeuegemea kwa mgongo.

Mimi ni mke wa mtu, karani wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, na ukweni kwangu wananiita Injinia, si kwamba nimesomea uinjinia, hapana, ni kwa sababu ya simu. Simu ya mtu ikigoma, Injinia, picha zikipotea, Injinia, mtu akisahau nenosiri lake, Injinia njoo utuokoe. Nilipoolewa nilikuwa mgeni nisiyejua hata vikombe vinakaa kabati gani, na shemeji yangu mkubwa, kaka yake mume wangu, alikuwa ananisalimia huku anaangalia televisheni, lakini siku nilipomrudishia picha za harusi yake zilizokuwa zimefutika, aligeuza kiti akaniuliza ninakunywa nini. Jina hilo ndilo lililonipa nafasi katika ile nyumba na sikufichi, nalipenda, mume wangu akinitambulisha kwa wenzake husema huyu ndiye Injinia wetu, nami najifanya naona haya, kumbe kichwa kimevimba.

Sasa mshauri, ukiwa na kazi hiyo ya bure unajitafutia njia za mkato. Mama mkwe wangu alikuwa anapoteza laini za simu kila mara, akibadilisha mkoba tu na laini imekwenda, kwa hiyo akaunti yake ya ujumbe nilimfungulia kwa laini inayokaa kwenye simu yangu ya zamani, na yeye anatumia simu yake kubwa kwa intaneti ya nyumbani. Zile namba za uthibitisho zikija, zinakuja kwangu, namsomea, anaandika, maisha yanaendelea. Na wengine wote vilevile, nikiwa natengeneza simu ya mtu nampigia, nisomee namba iliyokuja hapo, ananisomea hata hajauliza ya nini, yaani katika familia yetu kuombana namba hizo ni sawa na kuombana chumvi mezani. Nani anauliza chumvi unataka ya nini?

Jumamosi moja asubuhi kliniki ilikuwa imejaa, kuna mtoto alikuwa amekumbatia mguu wa benchi hataki kuingia kwa daktari, mama yake anamvuta, mzee mmoja ananidai risiti, na simu ikaita, mama mkwe anapiga kwa intaneti. Nikaiweka kati ya sikio na bega nikaendelea na kazi.

“Mwanangu, Mama Mdogo wako ananiandikia hapa, anataka nimtumie namba, eti haraka haraka. Namba gani hiyo?”

Mama Mdogo ni mdogo wake wa kuzaliwa, wanaongea kila siku ya Mungu. Nikaichungulia ile simu ya zamani, ninayokaa nayo hapo mapokezi, kweli namba ilikuwa imeingia.

“Ni ya uthibitisho, mama. Imekuja hapa kwangu, usijali.”

“Lakini mbona ananiandikia ‘naomba unisaidie’? Huyu mtu hajawahi kuniomba kwa adabu tangu azaliwe. Nimemwambia apige nisikie sauti yake, hapigi.”

Nilicheka, mshauri. Nilicheka nikamwambia, “Mama, siku hizi watu hawapigiani, wanaandikiana. Niachie mimi.”

“Haya, mwanangu. Wewe ndiye unayejua.”

Nikaituma ile namba mwenyewe, moja kwa moja kwenye akaunti ya ujumbe ya Mama Mdogo. Na ule ujumbe ulioileta ulikuwa umeandika kabisa, usimpe mtu yeyote namba hii, na niliusoma, sitakudanganya, nikaona haunihusu, kwa sababu Mama Mdogo si mtu yeyote, ni Mama Mdogo. Juu ya kichwa changu ukutani kuna tangazo la kuwatahadharisha wagonjwa kuhusu matapeli wa simu, nimelichapa mimi kwa mikono yangu na kulibandika kwa gundi.

Kumbe aliyekuwa anaandika hakuwa Mama Mdogo, akaunti yake ilikuwa imeshaibwa asubuhi hiyo kwa mtindo huohuo, na kabla ya mchana akaunti ya mama mkwe nayo ilikuwa mikononi mwa watu. Picha ni yake, ile amevaa miwani yake ya kusomea, jina ni lake, anayeongea ni mwingine. Mama mkwe ni mweka hazina wa kikundi cha kina mama wa mtaani wanaoshona sare za shule, na tapeli akawaandikia mmoja mmoja, nimekwama dada yangu, nisaidie leo nitakurudishia jioni, na wale kina mama wakatuma, wengine hata kabla ya kumaliza kusoma, kwa sababu huyu ni mtu ambaye hajawahi kumwomba mwenzake hata sindano. Mshauri, wameibiwa kwa heshima ya mama mkwe wangu.

Jioni tukakutana sebuleni kwake. Shemeji mkubwa akachukua simu ya mama akanipa mbele ya wote, akasema, “Injinia, hebu tuambie, imekuwaje?” Wote wakanitazama, mume wangu naye akanitazama kwa ile fahari yake, nikaigeuzageuza ile simu kana kwamba naichunguza, nikasema, “Inaonekana kuna kitu kilibonyezwa.”

Ni hayo tu niliyosema. Mama mkwe alikuwa amekaa karibu na dirisha, mikono mapajani, akanitazama kidogo, halafu akasema, “Basi nitakuwa mimi. Vidole vyangu vimekuwa vizito siku hizi. Msimsumbue mtoto, katoka kazini amechoka.”

Shemeji akaichukua ile simu akaitia mfukoni, kesho yake akamletea simu ndogo ya vitufe, yenye tochi na laini mpya, akamwambia hii ndiyo saizi yako mama. Tangu siku hiyo mama mkwe amepungua. Huyu alikuwa matroni wa bweni la wasichana mpaka alipostaafu, alikuwa anaangalia shuka lilivyotandikwa anajua nani aliruka ukuta jana, na leo hii ananiuliza kama amefunga gesi wakati tumeifunga wote wawili pamoja. Shemeji ameanza kusema mama asiachiwe kadi ya benki. Watoto wakitafuta kitu kisipoonekana, wanasema muulizeni bibi, labda amekibonyeza, wanacheka, naye anacheka nao. Na mwisho wa mwezi huu kikundi kinakutana, amesema atasimama awaombe radhi wenzake, awakabidhi uweka hazina, kisha auze cherehani yake awarudishie walichotuma.

Ile cherehani, mshauri, aliinunua siku aliyostaafu. Huifunika kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe.

Nimefikiria nichangie kimya kimya, nimnunulie simu nzuri kuliko ile, nimtetee kwa shemeji, bila kusema neno kuhusu namba. Nikisema ukweli, mume wangu atanionaje, shemeji atarudi kuangalia televisheni, na jina langu litakuwa kichekesho mpaka wajukuu. Isitoshe hakuna aliyemlazimisha mama, amekubali mwenyewe mbele ya watu, na pengine nikisema sasa nitamvuruga zaidi. Lakini sili nikashiba, nikimwona anapapasa vile vitufe kutafuta jina la mdogo wake moyo unanisuta mpaka nashindwa kumwangalia usoni. Je, niseme, au nirekebishe mambo chini kwa chini na yapite? Nisaidie, mama yangu, hapa nilipo maji yamenifika shingoni.

Ni mimi,
Injinia asiye na cheti

*

JIBU

Injinia, kwanza toka huko stoo, glavu hazihesabiwi hivyo.

Nimekusikiliza mpaka mwisho kama ulivyoomba. Nianze na pole, na naitoa kwa moyo wangu wote. Umetapeliwa, na kutapeliwa si ujinga. Wale watu hiyo ndiyo ajira yao, wanaamka asubuhi kwa ajili hiyo, wanajua kabisa kwamba mtu mwenye foleni mbele yake hasomi, anabonyeza. Hata mimi juzi nimeandikiwa kwamba kifurushi changu kimezuiwa, nibonyeze hapo nilipie kitoke. Sijaagiza kifurushi, binti yangu, sijaagiza hata kitana, lakini kidole kilishaanza kusogea. Kwa hiyo kwa habari ya asubuhi ile kliniki sikugombezi, ulichelewa kufikiri kama wengi wanavyochelewa.

Nakugombeza kwa habari ya jioni. Asubuhi tapeli alikuwa kazini. Jioni sebuleni hakukuwa na tapeli yeyote, ulikuwa wewe na simu mkononi. “Kuna kitu kilibonyezwa”! Ulijua kitu gani, ulijua na nani, ukaiacha ile sentensi itembee yenyewe sebuleni mpaka ikapata mtu wa kumkalia. Halafu unaniambia hakuna aliyemlazimisha. Mtu akitazamwa na watoto wake wote, na mtaalamu wa nyumba amesema kosa liko kwenye simu yake, unataka alazimishwe vipi tena?

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo naona hukukisoma mwenyewe ulichoandika. Mama mkwe wako alikupigia asubuhi ile. Alikuuliza namba gani, akakwambia mdogo wake haandiki hivyo, akakwambia amemtaka apige asikie sauti yake. Yeye peke yake katika ukoo mzima ndiye aliyenusa, na wewe ukamcheka. Jioni alikaa pale dirishani, na katika yote aliyosema hakutaja kwamba alikupigia. Hata nusu ya neno. Matroni aliyekuwa akikamata wasichana kwa shuka, unadhani alisahau simu aliyopiga siku hiyohiyo?

Inawezekana alisahau, simjui, siwezi kuapa. Kama alisahau, basi sasa hivi kuna mwanamke mwenye akili timamu anayejifunza kutoiamini akili yake, na anayemfundisha ni wewe, kwa kunyamaza. Anauliza kuhusu gesi kwa sababu yako. Lakini mimi nikiisoma barua yako, naona aliyesema “msimsumbue mtoto” alijua vizuri ni mtoto gani na asisumbuliwe kwa lipi. Alikuangalia kwanza, umeandika mwenyewe. Alikupa nafasi, ukaigeuza simu. Akaamua kukusitiri mbele ya wakwe zako, kwa sababu anajua ukweni kulivyo, na yeye aliwahi kuwa mgeni wa nyumba ya watu. Na wewe umeendelea kukaa chini ya sitara hiyo huku unamwangalia anajiandaa kuuza cherehani yake.

Kwa hiyo utasema, na utasema kabla ya mwisho wa mwezi. Lakini leo hii kuna kazi ya kufanya kwanza, usije ukaungama huku tapeli bado anachuma.

Laini ya mama bado iko kwako. Ifungue upya akaunti yake kwa laini hiyo, namba mpya itakuja, iandike, na aliyeko ndani atatolewa. Tapeli akiwa ameshaweka namba yake ya siri ya ziada, itabidi usubiri siku chache, usikate tamaa ukaacha. Ukishaipata, weka namba ya siri ya ziada anayoijua mama mwenyewe, na usijifanye kumkumbusha kwa kuiandika kwenye simu yako. Piga huduma kwa wateja kwa namba iliyochapwa kwenye kadi ya laini, usitafute namba kwenye ujumbe wowote uliotumiwa, maana wapo wanaotapeliwa mara ya pili wakiomba msaada wa mara ya kwanza. Nendeni polisi na ujumbe ule na namba zilizopokea fedha. Usifute kitu. Na Mama Mdogo naye asaidiwe, au yeye mmemsahau?

Halafu hiyo chumvi yenu iondoeni mezani. Namba ile ya uthibitisho ni ufunguo wa nyumba, na haiombwi na mtu mwema yeyote, si benki, si kampuni ya simu, si mdogo wako wa kuzaliwa. Picha inaibika, jina linaibika, hata namna mtu anavyoandika inaigwa. Kinachobaki ni kumpigia mtu kwa namba yake uliyokuwa nayo siku zote na kumsikia. Asipopokea, subiri, hakuna jambo la kheri litakaloharibika kwa kusubiri mtu apokee simu. Ujumbe wowote unaokuharakisha, uweke chini unywe maji kwanza. Ukikutaka ubonyeze kiungo ili ulipe, ushinde, au usifungiwe, usibonyeze, nenda mwenyewe kwa njia yako ya kila siku ukaangalie kama kweli una jambo huko. Na kila mtu katika familia yenu akae na laini yake kwenye simu yake. Mama akipoteza laini, mtampeleka dukani akapate nyingine, kwani dukani kuna simba? Ninyi hamkuwa na Injinia, mlikuwa na mlango mmoja wa nyumba zote, na ufunguo uko mapokezi kwenye kliniki ya meno.

Sasa kuungama. Utaanza na mama mkwe, peke yake, chumbani kwake, si kwa ujumbe, si kwa simu, na si mbele ya mume wako eti akushike mkono. Baada ya hapo utamwambia mume wako siku hiyohiyo, asije akasikia kwa kaka yake. Kisha mtakaa na shemeji, mama akiwepo, umwambie kwa maneno yako yote: namba niliitoa mimi, mama alinionya nikamcheka. Simu itoke mfukoni mwake irudi kwa mwenyewe pale pale, na habari ya kadi ya benki ifie hapo. Shemeji akirudi kuangalia televisheni, mwache aangalie. Umeishi naye hivyo zamani na hukufa.

Cherehani haiuzwi. Waliotuma watarudishiwa kutoka kwenye mshahara wako, kidogo kidogo, kwa jina lako, na usilete habari ya kimya kimya. Siku ya kikao utakwenda naye, na kabla hajasimama kuomba radhi isiyo yake, utasimama wewe. Wale kina mama watanong’ona, na wengine watakukumbusha kila mkikutana sokoni. Vumilia. Uweka hazina wakitaka abaki nao, abaki, wakitaka kumbadilisha wambadilishe wakijua ukweli.

Na kuhusu simu mpya nzuri, usimnunulie. Ukimpa zawadi kabla ya kumwambia, utakuwa umemlipa anyamaze.

Ukishamwambia, usikimbilie kulia. Najua utataka kulia, lakini ukilia yeye ataacha la kwake aanze kukubembeleza wewe, ndivyo alivyo, na ameshakubembeleza vya kutosha. Akikukasirikia, kaa umsikilize. Na akikwambia alijua tangu jioni ile, usimuulize kwa nini alinyamaza. Mwambie tu, “Mama, uliuliza vizuri. Mimi ndiye niliyekunyamazisha,” halafu nyamaza wewe, umwache aseme.